Uzi Mweusi Kiunoni mwa Mapendo

Juzi mke wangu alisahau maji ya mchele ndani ya sufuria, jua likayapiga, yakachacha. Mimi nilikuwa natoka kuoga. Harufu ile ilinikuta pale mlangoni pa jiko, nikasimama na taulo langu kiunoni. Mke wangu akauliza, "Papa, uko na nini?" Nikasema sina kitu. Na ni kweli, sikuwa na kitu. Sikuwa na huzuni wala hasira. Nilisimama tu. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari langu, nikapandisha vioo, nikakaa humo mpaka shati likanigandia mgongoni.

Gari ni langu, nimelinunua mwenyewe. Hapa mjini Baraka, Congo, muulize dereva yeyote wa pikipiki akupeleke kwenye ile nyumba ya mabati mekundu na ngazi za simenti, atakufikisha mpaka mlangoni bila kuuliza jina. Na darasa langu la mwisho ni la tatu. Wale tulioanza nao, waliomaliza shule zote, leo wanakuja kwangu na karatasi zao mkononi kuomba kazi. Nayasema maana ni kweli. Baba yangu tulimzika wiki tatu zilizopita, na mimi ndiye niliyenunua sanduku, ng'ombe wawili wa matanga, mchele, turubai, viti, kila kitu. Watu wanasema matanga kama yale hawajayaona. Lakini machozi sikutoa hata moja. Nilikuwa napeana mikono na watu, nawauliza kama wamekula.

Ninyi wa umri wangu mnaikumbuka ile vita ya kwanza. Mnakumbuka jinsi askari walivyokuwa wanabadilika, asubuhi hawa, kesho yake wengine, na wote wanapiga mlango kwa namna moja. Mama yangu alijifungua katika siku zile. Muuguzi alikuwa amekwisha kukimbia, dispensari ilikuwa na kitanda na kuta tu. Mtoto alitoka mzima, msichana, lakini mama hakumaliza siku. Baba alikuwa Lulimba, anachimba dhahabu. Habari ilimfikia imechelewa, akatembea kwa miguu siku tatu, akakuta kaburi limekwisha kupigwa na mvua, na binti ambaye hajawahi kumwona, yuko mikononi mwa bibi, analishwa maji ya mchele kwa kijiko. Bibi alikuwa amempa jina Mapendo.

Baba hakulia. Nakumbuka alimpokea Mapendo, akamgeuza, akamtazama mgongo, akamtazama nyayo, kama mtu anayekagua kitu sokoni. Kisha akasema, "Tutavuka."

Kuvuka maana yake Kigoma, ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Bibi alikataa kwenda. Alisema miguu yake haijui maji. Basi ikawa sisi watatu: mwanaume mmoja asiyejua hata kumfunga mtoto nepi, mimi wa miaka minane au tisa, na Mapendo ambaye alikuwa hajafikisha miezi miwili.

Asubuhi ya siku ya kuondoka nilimkuta baba chumbani, mlango ameurudisha, amekaa ameupa mwanga mgongo. Kulikuwa na harufu ya kiberiti na ya plastiki iliyoungua. Alikuwa na sindano, uzi mweusi, na kipande cha kitambaa cheusi alichokata kwenye kilemba cha bibi. Anashona kitu kidogo cha mviringo, kama ncha ya kidole gumba.

"Baba, unashona nini?"

Alishtuka mpaka akajichoma. "Kintu ya mutoto," akasema.

Akakifunga kwa uzi kiunoni mwa Mapendo, akavuta fundo kwa meno, akamfunika na nguo. Kisha akanishika kidevu. "Unasikia? Hii ndiyo itatuvusha. Usiiguse. Na usiambie muntu, hata pasta."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Watoto wengi mtaani kwetu walikuwa na nyuzi kama zile, wamefungiwa na mabibi zao, na kila Jumapili pasta alikuwa anapiga kelele juu yake. Nilijua ni dawa. Ndiyo sababu amesema hata pasta. Nilijua na kazi yake: ya kuzuia risasi na ya kuvuka maji. Nilifurahi kuwa nayo ndani ya familia yetu, ila niliona uchungu kidogo kwamba amefungiwa Mapendo, mimi nikaachwa hivihivi.

Ufukweni, boti ilikuwa ile ya mbao yenye mashini ya mazutu, yaani dizeli, katikati. Baba alikuwa amembeba Mapendo mgongoni kwa kitenge cha mama, kama wanawake wanavyobeba. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona mwanaume amebeba hivyo, na hata siku ya kukimbia vita watu wanapata nafasi ya kucheka.

"Eh, mama kijana!" kijana mmoja akapaza sauti. "Ndevu zako hazimuchome mutoto?"

"Muulize kama iko na maziwa, atugawie!" mwingine akajibu.

Baba hakugeuka. Alikuwa anaongea na kapiteni, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu katika jua lile.

"Wa mugongoni halipi," baba akasema. "Na huyu wa pili anakaa kwa magoti yangu."

"Magoti gani?" Kapiteni alinitazama. Baba alikuwa ameniambia nikunje miguu ndani ya shati nionekane mdogo, na nilikuwa nimekunja mpaka mapaja yanatetemeka. "Huyu iko na meno ya kuvunja mifupa ya mbuzi! Simama, we kijana, usinifanyie sinema."

Watu wakacheka tena. Mwishowe walipatana hivi: baba alipe nafasi moja tu, na ile nyingine ataifanyia kazi. Boti zile za mbao zinakunywa maji, lazima mtu ayachote tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Baba ndiye atakayechota, peke yake, mpaka Kigoma. Wakampa bidoni, dumu la njano lililokatwa mdomo, wakamweka nyuma kabisa, na Mapendo akaachwa mikononi mwangu, katikati, juu ya magunia, pamoja na wanawake. Kati ya miguu yangu kulikuwa na chupa ya maji ya mchele. Ndicho chakula chake cha safari nzima.

Mpaka tunaipita rasi ya Ubwari, alikunywa vizuri. Baadaye jua likapanda. Ile chupa ilipata joto, na nilipoifungua harufu ikanipiga puani. Nilimpa hivyohivyo, maana sikuwa na kingine. Akatapika. Nikampa tena, akatapika tena, kisha akaanza kugeuza uso kila akiona kijiko. Alilia kwa muda mrefu. Baadaye akawa analia bila sauti, mdomo unafunguka na kufunga tu, na ile ndiyo iliyoniogopesha. Nilimtazama baba kule nyuma. Anainama, anachota, anamwaga. Anainama, anachota.

Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke mkubwa, mweusi wa kung'aa, tulimwita Mama Atosha kwa jina la mtoto wake wa kiume aliyekuwa anamnyonyesha. Alikuwa kiongozi wa kwaya kwetu Baraka, sauti yake ulikuwa unaisikia kutoka barabarani. Alinitazama, akatazama chupa, akanyoosha mkono.

"Leta hapa ule mutoto. Unataka kumuua na ile buchafu?"

Akamweka Atosha upande mmoja, akafungua blauzi, akampokea Mapendo. Nepi ilikuwa imelowa, akaifungua kwanza. Hapo mikono yake ikasimama.

"Eh! Hii ni nini?"

"Ni kintu ya mutoto," nikasema.

"Kintu ya mutoto ni dawa." Akamrudisha kwenye magoti yangu kama mtu aliyeshika jiko la moto. "Mi ni muntu wa Bwana. Siwezi kumunyonyesha mutoto wa kuvaa dawa, halafu nimupe wangu titi ileile. Wangu atakufa. We baba! We baba wa nyuma, kuya huku!"

Baba alikuja akiruka miguu ya watu, bidoni mkononi.

"Kata huu uzi nimunyonyeshe," Mama Atosha akasema.

"Siwezi, mama. Ni bibi yake alimufungia."

"Bibi yake iko humu ndani ya boti? Kata."

"Mama, nakuomba. Munyonyeshe vile tu."

"Vile tu haiko. Unaona mutoto anaisha, na we unachunga dawa? Uko baba wa namna gani?"

Boti yote ilikuwa inasikiliza. Karibu na mashini walikaa vijana wawili waliovaa nguo za raia, lakini miguuni walikuwa na viatu vya askari. Baba alitazama vile viatu. Nilidhani anaona haya mbele yao. Akapangusa jasho kwa bega, akasema taratibu, "Acha, mama. Atakunywa maji ya mchele." Akarudi nyuma kuchota.

Siku ile nilimchukia baba yangu. Naandika vile ilivyokuwa.

Muda si mrefu mashini ikazima. Mnajua kimya cha katikati ya ziwa wakati mashini imezima? Unasikia maji yanagonga ubao, unasikia mtu anameza mate. Fundi akafungua bomba, akalipuliza kwa mdomo, akatema mazutu. Akavuta kamba. Hakuna. Akavuta tena. Upepo mdogo ulikuwa unatusukuma kurudi upande tulikotoka, na upande ule hakuna aliyetaka kurudi.

Mama Atosha akasimama. Aliimba kwanza ubeti mmoja peke yake, kisha akasema, "Humu muna bintu. Kila muntu anajua kile anacho. Mutupe! Mutupe tuvuke!"

Mzee mmoja alikuwa wa kwanza, akatoa kichupa mfukoni. Mwanamke mwingine akafungua pindo la kitenge, akatupa mizizi. Yule mmoja mwenye viatu vya askari akavua kitu mkononi, ngozi iliyoshonwa, akakibusu, akakitupa. Vyote vilielea. Viliizunguka boti, vinacheza juu ya maji, na watu wakawa wanavitazama kama vitarudi. Nilimtazama baba. Hakuinua kichwa. Alichota haraka zaidi.

Macho ya Mapendo yalikuwa nusu wazi, hayanitazami. Nilifikiri, baba alisema hii ndiyo itatuvusha, na bado hatujavuka, mashini imezima, na mtoto anakufa. Basi dawa ya baba ni ya uongo. Nikaingiza kichwa ndani ya kitenge, nikatafuta uzi kwa midomo, nikaukata kwa meno. Ulikuwa na ladha ya jasho na ya ule mchele uliochacha. Kile kitu kikaanguka mkononi mwangu. Nakumbuka kilikuwa na joto lake, na kilikuwa kizito. Udogo ule na uzito ule havikulingana. Nilijisemea, kumbe dawa yetu ina nguvu.

Nikaitupa.

Ya kwetu haikuelea hata kidogo. Ilitoboa maji, ikaenda.

"Mama, nimeitupa," nikasema.

Mama Atosha alimgeuza Mapendo, akatazama kiuno kitupu, akamweka kifuani. Mwanzoni Mapendo hakujua kazi ya kile kitu mdomoni; toka azaliwe hajawahi kukiona. Mama Atosha akaminya, maziwa yakamwagika shavuni, akaminya tena. Kisha nikaona koo lake linatembea. Nililitazama lile koo kama vile natazama mashini. Na nyuma yangu, siwadanganyi, fundi akavuta kamba na mashini ikawaka. Watu walipiga vigelegele. Waliimba mpaka boti ikayumba. Mimi nilijua ni mimi niliyeiwasha.

Baba alikuja. Bila shaka alisikia mtoto amenyamaza, akadhani ndiyo mwisho, maana alikuja akikanyaga watu. Akamwona kwenye titi. Uso wake ulifunguka, naukumbuka, mara moja tu ulifunguka hivyo. Kisha macho yake yakashuka mpaka kiunoni.

"Iko wapi?"

"Nimeitupa, baba. Ndani ya maji."

"Mutoto wako iko na akili kukupita," Mama Atosha akasema, na watu wakacheka, kicheko cha furaha. Wale vijana wawili wa viatu nao walicheka, wanamtazama. Kapiteni alikuwa anamtazama. Baba alitazama maji ya upande ule, ambayo yalikuwa sawa na maji ya pande zote. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, na mkono ulikuwa baridi, umelowa.

"Umefanya vizuri," akasema.

Akarudi nyuma kuchota. Alichota mpaka maji yakaisha chini ya boti, na hakuacha. Nilikuwa nasikia bidoni linakwaruza mbao kavu, linakwaruza, mpaka kapiteni akapaza sauti, "Papa, basi! Utanitobolea boti!"

Baba alikuwa ameniambia kabla ya safari kwamba Kigoma tutapanga chumba chenye kitanda, tutanunua maziwa ya bwata, yale ya kopo, na kambini hatutakwenda. Tulipofika alisimama mchangani na kitenge begani. Nikamuuliza, "Chumba chetu kiko wapi?" Akasema, "Twende kwanza na bengine." Tukapanda lori la kambi.

Mama Atosha alimnyonyesha Mapendo mpaka akatembea. Watoto wawili, huku Atosha, huku Mapendo. Na kila siku ya Mungu baba alimchotea maji Mama Atosha na kumpasulia kuni, bila kukosa hata siku moja, hata akiwa na homa. Mimi kambini nilikuwa mtu mkubwa. Kila mtoto mgeni alihadithiwa jinsi nilivyotupa dawa na kuwasha mashini. Nilihadithia hata mbele ya baba, yuko pale anashona viatu vya watu. Hakunikatiza. Nikisahau mahali, Mama Atosha ananikumbusha.

Tuliporudi Congo, nilianza na karanga. Nikauza karanga kwenye sahani, nikauza sabuni, nikapata baiskeli, nikawa nasukuma ndagala, wale dagaa wa ziwani, mpaka Lulimba na kurudi na mihogo. Barabara ile nimeilima kwa miguu yangu. Leo ninanunua dhahabu. Wachimbaji wanatoka kote kule wanakuja kwangu, maana mzani wangu hauibi. Hakuna mtu aliyenipa mtaji. Nimelisema hilo harusini, kanisani na redioni, kila siku: nilianza na zero.

Siku moja baba alikuwa amekuja kunisalimia, amekaa kwenye benchi la dukani, anangoja chai. Akaingia mchimbaji wa Lulimba, mzee kidogo, akafungua mkanda, akatoa kitu akakiweka mezani. Kitambaa cheusi, kimeshonwa mviringo, kama ncha ya kidole gumba. Nikakata uzi. Ndani kulikuwa na plastiki iliyofungwa kwa moto wa kiberiti, na ndani ya plastiki ilikuwa mali, dhahabu.

"Wazee wetu walikuwa wanafunga hivi," yule mchimbaji akasema. "Vijana hawajui tena."

Nilikishika mkononi kabla ya kukiweka kwenye mzani. Nikaujua ule uzito.

Sikuinua kichwa. Baba ndiye aliyeuliza kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na ya namna hii, inaweza kufanya nini?"

"Unajenga nyumba ndogo," nikasema. "Unaweka na mabati."

"Eeh," baba akasema. Kisha, "Chai yangu isiwe na sukari nyingi."

Ni hayo tu. Alikunywa chai, akavaa kofia, akaenda. Aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, nami sikumuuliza, naye hakusema. Nilimjengea nyumba. Niliweka na mabati. Alipoingia mara ya kwanza alitazama juu muda mrefu, akasema, "Umefanya vizuri," na mimi nikatoka nje kwenda kuwalipa mafundi.

Kwenye matanga wiki tatu zilizopita waliniomba niseme neno. Mapendo alikuwa amekaa mbele, na watoto wake wanne, mwanamke mwenye afya, mnene. Nilisema nilivyozoea. Kwamba baba alikuwa mtu mwema, na kwamba mimi mtoto wake nilianza na zero. Watu wakapiga makofi. Kisha Mama Atosha, mzee sasa, anashikiliwa na Atosha huku na Mapendo huku, akasimama kuwahadithia jinsi mtoto huyu mnayemwona, akiwa mdogo hivi, alivyotupa dawa ya baba yake ndani ya ziwa na boti ikavuka. Walicheka, wakamsifu Mungu. Mimi nilicheka pamoja nao. Mapendo alinipigia makofi kuliko wote.

Sijamwambia. Nilipotoka ndani ya gari juzi, mke wangu alikuwa amemwaga yale maji na kusugua sufuria, lakini mdomoni mwangu bado nilikuwa na ladha ya ule uzi. Zero ninayowahubiria watu ni ya kweli kabisa. Niliikata mwenyewe, kwa meno.